Mkuyu wa Hòn Dáu

Đồ Sơn, 12 Machi 1990

Mdogo wangu Khoát,

Pokea salamu zenye harufu ya dagaa, maana meza yetu Mama ameianikia kunazi na mimi naandikia juu ya gunia la dagaa la jirani. Mimi ni mzima, ila magoti yananisema kila nikishuka mashuani. Mama naye ni mzima, kasoro macho. La kushoto limeshafunga duka, la kulia linauza kidogo kidogo. Picha yako anaitambua kwa kuipapasa. Msalimie sana wifi Ngoan, na mwambie Diệp shangazi yake amemwekea kunazi za Bàng La, atazila siku baba yake atakapokumbuka njia ya kwao.

Barua yako ya mwisho ilifika mwaka juzi, ikasema huwezi kuja kwa kuwa kahawa imechanua. Mwaka jana hukuandika, nikajua imechanua tena.

Wageni wapo. Wafanyakazi wa viwanda wameanza kuletwa kwa mabasi kwenye nyumba za mapumziko, wanapanda kilimani kuchungulia jumba la mfalme wa zamani, wanapiga picha ufukwe wa kwanza na wa pili, halafu wanakuja kwangu ufukwe wa tatu niwavushe kwenda kisiwa cha Hòn Dáu. Nawaambia kama alivyokuwa akiwaambia Baba: tembeeni mtakavyo, pandeni kwenye mnara wa taa, tazameni ile nyumba ndogo ya kupimia maji ya bahari, lakini msiondoke na jani wala kijiwe, anayechukua huandamwa na balaa. Wanaitikia kama watoto wa shule, kisha wanaficha kijiwe kwenye kiatu. Mwezi huu tu tarishi ameniletea bahasha nne za mawe kutoka Hanoi. Mmoja kaandika kwamba tangu achukue jiwe lake mkewe hasemi naye. Nimelirudisha. Huyo mke sijui kama amerudi kusema.

Sasa jambo lenyewe. Mkuyu Mkongwe umeanguka.

Ni ile tufani ya mwaka jana, ya mwezi wa sita. Sikukuandikia kwa sababu nilitumaini utachipua. Haukuchipua. Juzi, tarehe kumi ya mwezi wa pili kwa kalenda ya mwezi, tumeshuka kisiwani kwa sikukuu kama kila mwaka, mashua zote na bendera zake nyekundu, na tulipofika mbele ya hekalu la Mungu wa Bahari tukakuta mwanga. Pale ambapo tangu kuzaliwa kwetu palikuwa na kivuli na mizizi inayoning'inia kama ndevu, pana jua tupu. Sijapata kuona watu wakiuchukia mwanga namna ile. Mama aliuliza mbona uso wake unaungua.

Miche iliyokuwa imejishikiza miambani yote imeunguzwa na chumvi. Tumeitafuta kila ufa. Bwana shamba alijitolea kutuletea mkuyu mzuri kutoka kitalu chake, lakini Mzee Đinh Phả, mtunza hekalu, akamkatalia. Alisema kisiwa hakipokei mgeni, pale utasimama mtoto wa mti ule ule au hautasimama mti. Na mtoto wake atoke wapi, wakati hakuna mtu wa Đồ Sơn aliyethubutu kutoa hata ukuti kisiwani?

Basi tumebaki na shimo. Mama anauliza unakuja lini.

Dada yako,
Thoa

*

Krông Pắk, 22 Aprili 1990

Dada Thoa,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Huku tu wazima. Ngoan alikuwa na homa, sasa yuko shambani na ananitukana kwa nguvu, kwa hiyo amepona. Diệp amekuwa wa pili darasani na anaomba zile kunazi zitumwe kwa posta. Kahawa, ndiyo, imechanua. Kilima chote kimekuwa cheupe na nyuki hawana heshima. Nimekutumia nusu kilo kwa mkono wa dereva mmoja wa huko Hải Phòng. Usiichemshe na mchele kama safari ile.

Pole kwa habari ya mti. Ulikatika shina au uling'oka na mizizi? Na lile shimo lina udongo bado au ni mwamba mtupu? Je, ule upande wa kaskazini, kwenye ufa ulio chini ya mnara, mliangalia? Na Mzee Phả akisema mtoto wa mti ule ule, atajuaje kwamba ni wake? Kuna alama? Je, ukipandwa mche mkubwa kiasi, uliokwishazoea ukame, unaweza kuhimili upepo wa pale?

Nauliza tu. Mtu akikaa na kahawa muda mrefu anakuwa mdadisi wa miti.

Macho ya Mama yanaendeleaje? Kuja ningekuja, lakini mwaka huu mvua zimechelewa na maji ya kumwagilia tunayachota kwa zamu.

Mdogo wako,
Khoát

*

Đồ Sơn, 3 Juni 1990

Mdogo wangu mdadisi wa miti,

Kahawa imefika, pakiti imepasuka, dereva wako ananukia vizuri kuliko sisi. Iliyobaki nimeichemsha na mchele kwa makusudi.

Hapa hatujambo. Nyumba imevuja mara moja tu. Mama ameacha kushona, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hakulalamika. Aliifunga tu ile sindano kwenye kitambaa akaniambia nimpe msichana yeyote mwenye macho. Mchana anakaa kwenye kibaraza akielekea baharini. Anasema kisiwa anakisikia. Nami simbishii, miaka hamsini amefagia ua wa hekalu lile chini ya mkuyu ule. Majani yake ameyashika mengi kuliko alivyotushika sisi.

Umeuliza maswali sita juu ya mti na moja juu ya Mama. Nimeyahesabu. Haya: uling'oka na mizizi. Udongo upo. Ufa wa kaskazini tumeuangalia, mimi mwenyewe nimejipenyeza humo na umri huu nikakwama, wakanivuta miguu. Alama haipo, ila Mama anasema majani ya mikuyu mingine ni laini chini, ya ule yalikuwa na mshipa mkavu unaokwaruza kidole. Na mche mkubwa uliozoea ukame haupo, Khoát, kwa hiyo sijui unaulizia nini.

Sasa kuna jingine. Kampuni moja ya utalii imepeleka mifuko thelathini ya simenti kisiwani. Bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni alisema ni aibu wageni kuungua jua pale, watajenga sakafu na banda la bia na vinywaji baridi juu ya shimo la mkuyu. Mzee Phả akapinga. Halmashauri ikaamua hivi: tungoje sikukuu ya mwakani. Ukipandwa mti unaostahili, pabaki pa mti. Usipopandwa, simenti imwagwe. Mzee Phả akatoka bila kuaga. Tunangoja, lakini sijui tunangoja nini, ni kama kumsubiri mgeni ambaye hakualikwa.

Mwezi ujao watamwombea Thụy wangu kwenye mnara wa mashujaa, miaka kumi na minane tangu muondoke pamoja kwenda vitani. Sikutajii ili uje. Nataja kwa kuwa nimekumbuka.

Thoa

*

Đồ Sơn, 30 Septemba 1990

Khoát,

Sisi wazima. Wewe sijui, maana miezi minne umenyamaza.

Juzi nyati wamepiganishwa tena uwanjani, baada ya miaka mingi ya kukatazwa. Ngoma ilisikika mpaka ufukweni. Wamerudi watu ambao tulishawasahau sura: kutoka Hòn Gai, kutoka Saigon, mmoja kutoka Ujerumani akiwa na koti la manyoya kwenye joto lile. Wakipita mlangoni Mama alimsikiliza kila mmoja hatua zake, kisha akatikisa kichwa. Alifanya hivyo siku nzima. Nikamwambia aingie ndani, akasema bado kidogo.

Nyati wamerudi, wewe hujarudi. Mwaka wa sabini na sita ulikuja siku mbili, ukaniachia kijiko na daftari la Thụy mezani, ukaondoka hata chai haijapoa. Sijakuuliza kwa nini. Leo nimechoka kutokuuliza. Nilikukosea nini?

Thoa

*

Krông Pắk, 28 Oktoba 1990

Dada Thoa,

Shikamoo. Ngoan mzima, Diệp mzima, kahawa inaiva, tutaanza kuchuma wiki ijayo. Haya ndiyo nilikuwa nikiyaandika miezi yote hii halafu nachana. Barua saba nimechana. Hii Ngoan amesema ataipeleka posta yeye mwenyewe, hata kama sijaimaliza.

Hukunikosea kitu.

Mkuyu ninao.

Uko hapa mbele yangu, kwenye mtungi wa maji uliopasuka, karibu na mlango wa jiko. Urefu wake unafika kifuani kwangu na shina ni nene kama kifundo cha mkono. Mizizi imeanza kuning'inia. Nimepapasa chini ya jani baada ya barua yako ya Juni: mshipa unakwaruza.

Ni wa Thụy, dada. Tulipotoka nyumbani mwaka ule yeye alikuwa na kopo la maziwa mazito kwenye mkoba, amelitoboa tundu chini, ndani yake kijiti chenye majani mawili. Aliliweka juu ya mchele wake. Tulikuwa tukigawana maji kwa vifuniko vya chupa, na cha kwanza kilikuwa cha kopo lile. Wenzetu walimcheka, wakaliita mtoto wake. Nilimuuliza ametoa wapi, akacheka tu. Mimi ni mtoto wa Đồ Sơn, nilijua jani la kisiwa nikiliona. Sikulala siku ile kwa hofu. Miezi mitano baadaye alipigwa risasi tukivuka mto. Aliishi mpaka mchana. Maneno aliyosema yalikuwa machache, na la mwisho lilikuwa juu ya kopo: "Usimpe mtu. Urudishe."

Sikuurudisha. Najua desturi yetu, anayerudisha haulizwi jina. Lakini wewe usingehitaji kuuliza. Ungeliona kopo, ungehesabu siku, ungejua nani alikiibia kisiwa na kwa nini alikufa. Nikaona hivi: Thoa amebaki na jina lake tu, nitampelekea mwizi mahali pa shujaa? Nikaja na kijiko na daftari, kopo nikaliacha kwa mama mmoja huku. Nilipokuona unakishika kile kijiko nilishindwa kunywa chai. Tangu hapo nilisingizia kahawa. Afadhali unikasirikie mimi kuliko kumkasirikia yeye.

Kuurudisha nilishindwa, na kuutupa nilishindwa pia. Nimeumwagilia miaka kumi na minane.

Sasa niambie nifanye nini. Mzee Phả atauliza umetoka wapi. Nitasema niliuchukua mimi. Nakuomba na wewe useme hivyo hivyo.

Khoát

*

Đồ Sơn, 19 Novemba 1990

Khoát, mdogo wangu wa pekee,

Mama mzima. Mimi sijui kama ni mzima, siku tatu sijavusha mtu. Wateja wamedhani mashua inavuja.

Sikiliza vizuri, nitaandika mara moja tu.

Thụy hakuiba kitu. Niliuchimba mimi.

Ilikuwa siku nne kabla hamjaondoka. Aliniambia haogopi risasi, anaogopa kuamka asubuhi na kutokiona kisiwa cha Dáu dirishani. Mimi msichana wa miaka ishirini na mitano, akili zangu zikiwa hazimo kichwani, nikapiga makasia peke yangu, nikaenda mpaka kwenye mizizi ya Mkuyu Mkongwe, nikachimba mche kwa kisu cha kuparia magamba. Kopo lilikuwa la maziwa aliyopewa Mama alipougua. Nikamwambia Thụy kwamba mche umeota kwenye ukuta wa kisima chetu. Alinitazama sana halafu akanicheka kwa macho. Sasa naona alijua. Alijua, akaubeba, na hakunitaja hata kwako.

Habari ya kifo chake ilipofika, kila mtu alilia vita. Mimi nililia kisu. Watu wanadhani sikuolewa kwa kumlilia Thụy, wananipa sifa, wanawaambia binti zao mwigeni Thoa. Sikuolewa kwa sababu niliuona mkono huu umeua mtu. Unadhani ni nani aliyenipa kazi ya kurudisha mawe ya wageni? Hakuna. Nilijipa. Kila bahasha niliyopeleka kisiwani nilikuwa nikisema moyoni, pokea hili, langu siwezi kulileta, limezikwa naye mahali nisipopajua.

Na kumbe lilikuwa mlangoni pa jiko lako, likimwagiliwa.

Tazama tulivyo wajinga, Khoát. Wewe umejificha miaka yote nisimchukie marehemu. Mimi nimenyamaza msinichukie. Mama katikati anasikiliza hatua za watu.

Jana usingizi uliponikataa nilitoka nikakaa na Mama kwenye kibaraza, jua likichomoza, kisiwa kinaonekana chote. Nikawaza jambo ambalo sijawahi kuliwaza. Ile miche iliyobaki kule imeungua yote. Huu mmoja nao ungebaki, ungeungua. Nikaanza kucheka. Mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia Khoát anakuja. Akasema, "Najua. Kahawa itamchosha siku moja."

Njoo nao. Usiseme uliuchukua wewe, sitaki ulinde mtu tena. Na mimi sitasema kitu kwa Mzee Phả, desturi ni desturi, haulizwi mtu jina. Wewe uweke chini tu.

Funga mizizi kwa kitambaa chenye unyevu.

Dada yako,
Thoa

*

SIMU YA MAANDISHI, 17 MACHI 1991
NAPANDA TRENI NHA TRANG KESHO. NINA MZIGO MMOJA. MSINIULIZE JINA. KHOAT

*

Đồ Sơn, 30 Juni 1991

Khoát, baba Diệp, mpanda miti,

Salamu kwako na kwa nyumba nzima. Mama anakusalimu kwa namna ya pekee: leo asubuhi amekula bakuli mbili za tambi za kaa na akauliza kama huko mlimani mnakula chakula au mnakula kahawa tu. Jicho la kulia nalo limefunga sasa. Analisema kama mtu aliyefunga dirisha kuzuia upepo. Diệp aambiwe kunazi zake zimefika mwisho, bibi yake amezimaliza mwenyewe, aje msimu ujao ashindane naye.

Hii barua nilitaka kukuandikia wiki ile ile uliyoondoka, lakini nimekuwa na abiria mpaka mikono imeota sugu mpya. Kila mtu anataka kumwona yule mgeni wa treni. Ile hadithi yako ya kondakta aliyetaka kuukatia mti tiketi nimeshaisimulia mara mia, na kila mara kondakta anazidi kuwa mnene.

Ninaandika kwa sababu siku ile wewe ulikuwa mbele, umebeba mtungi kifuani, huoni ila majani. Haki yako kujua yaliyotokea nyuma yako.

Ulipokanyaga ngazi za kwanza pale gatini, ngoma zilikuwa zimeshaanza. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika Mama. Watu walidhani umebeba sadaka. Kisha mama mmoja muuza pweza aliona jani, akamshika mwenzake mkono, na kimya kikaanza pale kwa hao wawili kikashuka ngazi zote mpaka mashuani. Wapiga ngoma wakaacha wenyewe. Yule bwana wa kalamu tatu, aliyekuwa amekuja na mafundi wake tayari kwa simenti, alisimama juu ya mifuko ili aone. Hapo mbele ukaweka mtungi chini, na Mzee Phả akainama kuutazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nilimwonea huruma. Desturi inamkataza kuuliza aliyerudisha, na desturi hiyo hiyo inamtaka ajue mti ni wa nani. Mzee alikuwa amekwama kama mimi kwenye ule ufa, na hakuna wa kumvuta miguu.

Nikaona mabega yako yanainuka. Nilijua unataka kusema. Nakufahamu tangu unanyonya, ulikuwa unakwenda kusema "mimi." Hapo ndipo niliposema kile nilichosema. Wewe ulikisikia mgongoni tu, hukuniona usoni, kwa hiyo nakuambia: sikulia. Niliinua kile kisu cha magamba, nilikuwa nimekileta kwenye kikapu bila kujua kwa nini, nikasema, "Niliuchimba mimi, Lưu Thị Thoa, mwaka wa sabini na mbili, kwa kisu hiki. Nikampa Bùi Văn Thụy aende nao vitani. Yeye aliutunza mpaka kufa, na ndugu yangu ameutunza mpaka leo. Mwizi ni mimi." Jina langu lote nililisema, mimi niliyesema miaka yote kwamba haulizwi mtu jina.

Magoti ambayo hunisema kila siku yalinyamaza. Nilijisikia mwepesi, Khoát. Nilijisikia kama siku ya kwanza Baba aliponiachia makasia.

Mama akaniponyoka mkononi. Hilo uliliona, kwa sababu alikupita. Alikwenda bila fimbo, watu wakimpisha, akapapasa hewa mpaka akalipata jani. Akalipitishia kidole chini yake. Miaka hamsini ya kufagia ilikuwa kwenye kidole kile. Kisha mkono mwingine ukakupata wewe, akakushika sikio kama alivyokuwa akikushika ukichelewa kurudi kuogelea, akasema lile neno. Nyuma huku hatukulisikia vizuri, tukarudishiana mtu kwa mtu: "Ni wetu. Wetu kabisa." Mpaka leo watu wanabishana alikuwa anasema mti au anasema wewe. Nimemuuliza. Anasema swali gani hilo.

Mzee Phả alivua kofia, akachukua jembe mwenyewe. Ulipoona anaanza kuchimba ukapiga magoti, kwa hiyo hukuona watu. Watu walizidiwa, ndugu yangu. Muuza pweza alilia kwa sauti. Baba yake Thụy, ambaye tangu msiba hajakanyaga sikukuu, alikuwa kwenye ngazi ya chini. Alipanda moja moja, akafika nilipo, akasimama kando yangu, bega kwa bega, mpaka udongo uliporudishwa. Halafu akaniambia Thụy alikuwa akisahau kila kitu, hata viatu, na kumbe kopo hakulisahau. Alicheka. Ndiyo, alicheka, mzee yule. Na ngoma zikapigwa kwa nguvu ambayo sijaisikia hata siku ya nyati, na mashua zote zilizokuwa majini zikapandisha bendera tena, wakati sikukuu ilikuwa imeshaanza kufungwa.

Sasa habari ambazo huna.

Simenti imeganda. Umande wa bahari wa mwaka mzima uliingia mifukoni, ikawa mawe thelathini. Bwana wa kalamu tatu alituma watu waje kuiondoa. Mzee Phả aliwasimamisha gatini, akawaambia hayo sasa ni mawe na yako kisiwani, na jiwe la kisiwani haliondoki. Walibishana nusu saa wakashindwa. Tumeyapanga kuuzunguka mti, wageni wanakalia. Bwana mwenyewe amekuja na familia yake wiki iliyopita, akalikalia moja, akanunua maji ya nazi kwangu.

Wiki tatu baada ya wewe kuondoka, Mzee Phả alikuja ufukweni akiwa na kitu kizito amekifunga kwenye kitambaa. Akaniomba nimvushe. Tulipofika alikwenda peke yake nyuma ya hekalu, akarudi mikono mitupu. Sikumuuliza. Lakini visu vya nyumbani kwake sasa havikati hata kitunguu, na kila mtu Đồ Sơn anakumbuka lile jiwe la kunolea alilorithi kwa baba yake. Na si yeye tu. Tangu siku ile watu wetu wenyewe, sio wageni, wananiletea vitu: kokoto, kipande cha mzizi, mpini wa shoka. Wanatazama chini. Nami nawaambia wajipigie makasia, mimi nimestaafu kurudisha vya watu. Langu limefika.

Tufani ya kwanza ya mwaka ilipiga siku nane zilizopita. Nilimwambia Mama nakwenda kuangalia mashua, hakudanganyika. Bahari ilipotulia nilivuka wa kwanza. Vilima vyetu tisa vilikuwa vimeoshwa, mnara umesimama, nyumba ya kupimia maji imesimama, na mkuyu umesimama. Umepoteza majani matano na umeota kumi na moja. Mzizi mmoja ulioning'inia umegusa udongo na kushika. Niliuvuta kidogo kuona, ukanikatalia.

Jana nimevusha walimu kutoka Nam Định. Niliwapa maneno yale yale, tembeeni mtakavyo, msiondoke na jani wala kijiwe. Binti mmoja mdogo, makamo ya Diệp, akauliza kama katika miaka yote hiyo kuna mtu aliyewahi kuchukua kitu kikubwa. Walimu wakamkonyeza anyamaze.

Nikaacha makasia. "Yupo," nikamwambia, "ni mimi. Na kile nilichochukua ndicho mtakachokaa kivulini pake."

Walidhani natania. Nikawapeleka wakakione.

Dada yako,
Thoa